Mke wa Timu Mbili

Fausto Belliard alimwonea wivu mtu mmoja tu maishani mwake, na mtu huyo alikuwa ameshakufa kabla hawajaonana.

Angekuwa hai, Fausto alijiambia mara nyingi, mambo yangekuwa mepesi. Mtu aliye hai hunenepa, hukoroma, husahau siku ya kuzaliwa ya mkewe. Unaweza kupishana naye njiani ukamtazama vizuri, ukasema moyoni: kumbe ndiye huyu tu! Lakini Octavio Severino alikufa kwa ajali ya pikipiki akiwa bado kijana, kwenye barabara ya kwenda La Romana, na tangu siku hiyo hakukosea tena.

Octavio alikuwa mume wa kwanza wa Deyanira. Zaidi ya hayo, na hapa ndipo palipouma, aliwahi kuchezea Wakata Miwa, timu ya besiboli ya San Pedro de Macorís. Hakuwa nyota. Alikuwa mdakaji wa akiba, misimu miwili, kisha goti likamkataa. Lakini alikuwa amevaa jezi ya kijani yenye jina lake mgongoni. Fausto yeye alikuwa fundi wa viti vya magari mjini Santiago, na hakuna mtu aliyewahi kulipa kiingilio ili amtazame akishona ngozi ya kiti.

Deyanira alihamia Santiago baada ya msiba, akaishi kwa dada yake, akaanza kuwauzia mafundi wa mtaa ule chakula cha mchana: wali, maharage, kuku wa mchuzi, na parachichi likiwepo. Fausto hakumpendea wali. Alimpendea ubishi. Mafundi wote pale walikuwa watu wa Majogoo wa Cibao, kama mkoa ule unavyoitwa, timu ya njano, timu ya mji na ya baba zao, na Deyanira alisimama katikati yao na upawa mkononi akiwaambia, "Jogoo gani huyo? Asubuhi anawika, jioni yumo kwenye sufuria yangu!" Walicheka hadi wakapaliwa. Fausto alikuwa mtu wa miaka hamsini, kapera, aliyeishi na mama yake mpaka mama alipofariki. Siku hiyo alirudi kazini akashona kiti cha dereva nje ndani.

Walioana. Deyanira akawa anakaa naye uani wakati wa msimu, redio juu ya kigoda, akajifunza majina ya wachezaji wa Majogoo mmoja mmoja, akajua nani anapiga vizuri kwa mkono wa kushoto na nani ana mke mkorofi. Akanunua fulana ya njano. Lakini ile ya kijani aliyokuja nayo hakuitupa. Zote mbili zilianikwa kwenye kamba moja, na majirani wakamwita Mke wa Timu Mbili. Timu hizo zilipokutana, aliingia jikoni akasema, "Leo mimi sina timu. Msiniulize kitu." Fausto hakujali sana. Wakata Miwa walikuwa wanashika mkia kila mwaka, na ni vigumu kumwonea wivu anayeshika mkia.

Kisha ukaja ule msimu ambao Wakata Miwa waligoma kufungwa. Oktoba watu waliwacheka, Desemba wakanyamaza. Januari wakaingia fainali, na waliokuwa wanawangoja huko walikuwa Majogoo.

Mchezo wa kwanza mtaa mzima uliutazama dukani kwa Doña Chea, ambaye hutoa televisheni nje na kuweka viti vya plastiki mpaka katikati ya barabara. Deyanira alikuja kwa sababu Fausto alimsihi aje. Alivaa gauni jeupe.

"Nyeupe!" alisema Nando, fundi wa rejeta, jirani yao, mtu ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo. "Shemeji, umekuja kubatizwa?"

"Nimekuja kunywa soda, Nando. Wewe umekuja kufanya nini, maana bia yako naona ni ya kuombaomba?"

Watu wakacheka. Fausto naye akacheka, lakini hakuitazama televisheni. Aliutazama uso wa mkewe. Majogoo walipopata pointi, Deyanira alipiga makofi, vizuri tu, kama mtu anayempongeza mtoto wa jirani kwa kufaulu mtihani. Wakata Miwa walipopiga mpira ukaenda mbali, ukaenda, ukavuka ukuta, hakupiga makofi kabisa. Aliinuka kidogo kwenye kiti, hata pumzi hakuvuta, akaketi tena na kujirekebisha gauni.

Fausto aliona. Nando naye aliona.

"Kaka, pole," Nando alimnong'oneza, kwa mnong'ono uliosikika hadi kaunta. "Kumbe kitandani kwenu mnalala watatu."

Safari hii Fausto hakucheka. Alimwaga bia yake chini akaenda nyumbani, na Majogoo wakashinda bila yeye.

Tangu hapo nyumba ikawa haina raha. Fausto hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa anachunguza. Deyanira akiimba huku anamenya ndizi, alijiuliza ni wimbo wa wapi. Akinyamaza, alijiuliza anamkumbuka nani. Wakata Miwa walipolipiza na kushinda mchezo wa pili, chakula kilikuwa kitamu, naye akakisusa kwa sababu kilikuwa kitamu.

"Kuku ana nini?" Deyanira aliuliza.

"Hana kitu. Kuku ana furaha sana leo."

"Fausto."

"Nasema tu. Kuku wa jana hakuwa na furaha hivi."

Deyanira aliondoa sahani, akampa kuku yule mbwa wa Doña Chea, na Fausto alilala na njaa.

Mara nyingine alimtega. "Hebu niambie ukweli, mama. Ungeambiwa uchague mmoja tu ashinde, ungemchagua nani?"

"Ningechagua mvua inyeshe."

"Sitanii."

"Na mimi sitanii. Wewe hujawahi kupenda timu mbili, hujui. Unadhani ni kupata mara mbili. Ni kupoteza kila siku, kila siku lazima mmoja wangu afungwe. Mimi tangu fainali hii ianze sijapata usingizi wa maana, halafu wewe unaniletea maswali ya polisi."

Mtu mwingine angeelewa. Fausto alisikia neno moja tu: *wangu*. Akalitafuna wiki nzima.

Fainali ikaenda huku na huku mpaka timu zikawa sawa, ukabaki mchezo wa mwisho, Jumapili alasiri, San Pedro. Ijumaa yake simu ya Deyanira ikalia. Alikuwa Rufino Severino, mdogo wake marehemu. Klabu, alisema, ingewakumbuka wachezaji wake wa zamani kabla ya mchezo kuanza. Waliokuwa hai wangeingia uwanjani wenyewe. Waliokufa wangewakilishwa na jamaa zao. Mama yao alikuwa mgonjwa wa miguu. Je, Deyanira angekubali kumbebea Octavio picha?

Alimweleza Fausto hivyohivyo, bila kupunguza wala kuongeza, amesimama mlangoni mwa karakana.

"Nenda," Fausto alisema. Alikuwa na pini mdomoni.

"Twende wote."

"Nikafanye nini? Mimi sina picha ya kubeba. Nenda wewe."

Kila mwanamke aliyeolewa anaujua ule *nenda* unaomaanisha *thubutu*. Deyanira aliujua vizuri. Akaenda kufungasha. Jumamosi asubuhi alipanda basi la San Pedro, na Fausto, ambaye hakuamini kwamba angeondoka kweli, alisimama barabarani na kikombe cha kahawa hadi kahawa ikapoa.

Jumamosi ile hakushona kitu. Alizunguka nyumbani akafungua kabati lake, akafunga. Katika kabati la mkewe kulikuwa na bahasha ambayo hakuwahi kuigusa. Alijua ndani yake mna picha za Octavio. Deyanira hakuzitundika ukutani kwa heshima yake, na heshima hiyo ilimsumbua kuliko kama angezijaza sebule nzima. Hakuifungua. Sura aliyokuwa ameichora mwenyewe kichwani ilimtosha: mabega mapana, mashavu yaliyochongoka, tabasamu la mtu anayejua anatazamwa. Jumapili kulipopambazuka alivaa shati la kawaida, si njano wala si kijani, akapanda basi.

"Unaenda kuwashangilia Majogoo wetu, mzee?" kondakta alimuuliza.

"Naenda kuangalia," alisema Fausto, na hakudanganya.

Alipata nafasi mbali kabisa, nyuma ya upande wa kulia wa uwanja, kati ya familia za watu wengine, wote kijani, wote na vyungu vya chakula. Jua lilikuwa kali, ngoma hazinyamazi. Na ghafla tangazo likatolewa, na wazee wakaanza kutoka mmoja mmoja kwenye njia ya chini, wengine wakichechemea, wengine wakipunga kofia. Baada yao wakaja jamaa wa waliokufa.

Alimtambua kwa mwendo. Deyanira alivaa lile gauni jeupe, amebeba picha kifuani kwa mikono miwili. Jina la Octavio Severino likasomwa, na sura yake ikatokea kwenye kibao kikubwa cha matokeo.

Fausto aliinuka ili aone vizuri.

Octavio alikuwa mtu mnene kiasi, masikio yamesimama kama mishikio ya sufuria, jino moja la mbele limekatika, anacheka huku amefumba macho. Kofia ilikuwa ndogo kwa kichwa chake. Fausto alitegemea kwamba akimwona atafarijika. Badala yake alizidi kuungua. Angekuwa mzuri wa sura, mtu angejiambia: alimpenda kwa uzuri wake, basi. Lakini mwanamke akimpenda mtu mwenye masikio yale, amempenda kweli.

Mchezo ulianza na Fausto hakuuona. Bila darubini, kwa macho yake mabovu ya kushona, aliufuata ule weupe mdogo ng'ambo ya uwanja, nyuma ya benchi la wenyeji. Aliona watu wa kando ya mkewe wakiruka, weupe haukuruka. Aliona Majogoo wakipata pointi na sehemu ile yote ikinywea. Weupe haukunyanyuka wala kuinama. Alijua matokeo kwa kelele za waliomzunguka tu. Katika awamu ya mwisho Majogoo walikuwa mbele kwa pointi moja. Wakata Miwa walikuwa wanapiga, wapigaji wawili wameshatolewa, akitolewa wa tatu mchezo umekwisha, mtu wao mmoja yuko kituo cha pili na mwingine cha tatu. Watu elfu kumi na kitu wakasimama.

Na hapo Fausto aliona kwamba Deyanira ameupa uwanja mgongo. Alikuwa amegeukia ukuta, viganja usoni, peke yake katika umati wote ule. Fausto akaanza kutembea.

Alipita kwenye magoti ya watu, akatukanwa, akaomba radhi, akazunguka chini ya majukwaa na kutokea upande wa pili, mpaka kijana wa mlangoni alipomzuia.

"Tiketi yako si ya huku, mzee."

"Mke wangu yuko pale."

"Kila mtu ana mke wake pale. Yupi?"

"Yule asiyetazama."

Yule kijana aligeuka, akamwona mwanamke aliyeupa mgongo mchezo wa mwaka. "Ana nini? Anaumwa?"

"Anaumwa timu mbili," Fausto alisema. Kijana akampisha.

Majogoo walikuwa wanabadilisha mrushaji, mchezo umesimama. Fausto alimgusa mkewe bega. Deyanira aliondoa viganja, akamtazama bila kushtuka sana.

"Umekuja."

"Nimekuja."

"Kutazama mpira au kunitazama mimi?"

Hakupata uongo wa haraka. "Kukutazama wewe."

"Umeona nini?"

"Nimeona hushangilii. Ni kwa ajili yangu, najua, unaogopa nitanuna. Basi nimekuja kukwambia: shangilia, mama. Ishangilie timu yake. Amekufa, ana haki hiyo. Mimi sitasema neno."

Alilisema kwa uchungu lakini kwa moyo, na alitegemea machozi, labda mkono shingoni. Deyanira alimkazia macho.

"Timu ya nani?"

"Yake. Ya Octavio."

"Ya Octavio!" Mabibi wawili wa kiti cha mbele waligeuka. "Fausto Belliard, mimi nimezaliwa mashambani, nyumba ya nne kutoka kiwanda cha sukari. Baba yangu alikuwa anakata miwa, Jumapili anacheza. Nilikuwa natembea kwa miguu kuja hapa kabla sijaota matiti. Octavio alitoka Barahona, mji mwingine kabisa! Wakata Miwa alikuja kuwajua alipopewa kazi. Timu ni yangu. Wanaume nyie mnadhani mwanamke hawezi kupenda kitu mpaka apewe na mume?"

Fausto aliwatazama wale mabibi, kana kwamba wangemsaidia.

"Tena sikiliza, kwa kuwa umekuja mpaka huku. Unajua Octavio alikuwa mdakaji wa akiba. Unajua wa kwanza alikuwa nani? Humjui. Mimi nilikuwa namjua. Nilikuwa namshangilia yule wa kwanza mpaka sauti inakauka, mume wangu yuko pale benchi ananisikia. Ningefanyaje? Yule alikuwa anapiga! Octavio alikuwa ananuna siku mbili, hali chakula. Mara moja alimpa mbwa kuku wangu."

"Wewe ndiye uliyempa mbwa kuku," Fausto alisema.

"Huyo alikuwa kuku wako. Nasema wa Octavio."

Kitu fulani kifuani mwa Fausto kililegea, na hakikuwa kile alichotegemea. Alimwona yule mtu wa masikio amekaa kwenye ubao wa benchi, jasho linamtoka, anamsikiliza mkewe akimwita mwanamume mwingine shujaa. Maskini, alifikiri. Maskini ndugu yangu.

"Na Majogoo?" aliuliza, polepole.

"Majogoo nini?"

"Na wenyewe uliwapenda kabla yangu?"

Deyanira alicheka kwa pua. "Nani angewapenda? Wana majivuno wale, kila mwaka kikombe. Ilinichukua misimu miwili. Nilikuwa nakaa pale uani nawachukia, nakutazama wewe unavyofurahi, najiambia: Deyanira, jitahidi." Akarudisha viganja usoni. "Nikafaulu. Ona sasa ninavyoteseka. Nyamaza, anarusha."

Fausto alinyamaza. Mkewe aligeukia ukuta, yeye akageukia uwanja, na kwa mara ya kwanza tangu fainali ianze aliutazama mpira. Aliuona ukitoka mkononi, akaliona gongo likizunguka, akausikia ule mlio mkavu. Mpira haukwenda juu. Ulikwenda chini chini, mkali, ukapita katikati ya watu wawili wa njano walioruka na kukosa. Mkimbiaji wa kwanza akafika nyumbani, kituo cha mwisho, pointi zikawa sawa. Wa pili akawa anakuja, kofia imemdondoka, mpira nao unarudishwa, mdakaji ameunyooshea mikono.

"Vipi?" Deyanira alipiga kelele ukutani. "Vipi? Niambie!"

Fausto alikuwa mtu wa Majogoo tangu tumboni. Aliona mkono wa yule mkimbiaji ukigusa nyumbani kabla ya mpira, akaona mwamuzi akipanua mikono.

"Mmeshinda," alisema. "Geuka, mama. Mmeshinda."

Aligeuka. Uwanja ulikuwa tayari umejaa watu. Fausto aliona uso wake ukifunguka kama ambavyo hakuwahi kuuona ukifunguka, si kanisani siku ya harusi, si popote. Kisha akamwona anakumbuka, anajizuia, anatafuta sura ya kumwonyesha mumewe.

"Usijizuie," alimwambia. "Piga kelele. Mimi nitahuzunika peke yangu, najua namna yake."

Akapiga kelele, na wale mabibi wawili wakamdaka wakaanza kuruka naye.

Rufino Severino aliwakuta hapohapo, amelowa bia, masikio ni yaleyale ya kaka yake. Alimtazama Fausto toka viatu hadi nywele. "Huyu ndiye mtu wa Cibao?"

"Ndiye," alisema Fausto.

"Karibu San Pedro, shemeji. Pole kwa msiba." Akamkumbatia hata akamlowanisha. "Leo unakula kwetu. Mama ameshaambiwa kuna Jogoo anakuja, amechemsha maji."

Waliandamana hadi nyumbani kwa akina Severino nyuma ya magari yaliyokuwa yanapiga honi bila kupumua. Mama wa marehemu, amekaa na miguu yake juu ya kiti, alimkamata Fausto mkono, akamuuliza kama viti vya magari vinalipa, akaamuru apewe sahani ya kwanza. Jua lilikuwa linazama. Mtaa mzima ulikuwa nje.

Fausto alikaa kizingitini na sahani yake magotini. Octavio hakumuuma tena. Picha yake ilikuwa imeegeshwa mezani ndani, kando ya bakuli la mihogo, na alipopita alikuwa ameigeuza kidogo ili jua lisiipige. Lakini barabarani Deyanira alikuwa anacheza, viatu mkononi, amezungukwa na watu asiowajua hata majina, wauza samaki, walimu, wanaume wazima wanaolia, wote wanamwita dada, naye anawaitikia wote. Hakuwahi kucheza hivyo Santiago. Fausto alimtazama, na ule wivu wake wa zamani, ambao alidhani ameuacha uwanjani, ukaja ukaketi naye kizingitini. Sasa ulikuwa wa mji mzima.

Deyanira alimpungia mkono. "Njoo!"

"Ninakula!"

"Utakula kesho! Njoo hapa, Jogoo!"

Watu wakacheka, wakaanza kuwika kumuita, mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo. Fausto alimaliza kipande cha muhogo bila haraka, kwa sababu mtu lazima abaki na heshima kidogo, akaweka sahani chini, akaenda.